Kijiti si kibanzi

Mafinga ni mji wa mbao. Ukishuka basi katika barabara kuu ya Iringa na Mbeya, kabla baridi haijakupokea, pua imeshapokea harufu ya utomvu wa misindano. Malori ya magogo yanashuka kutoka Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali hapa nchini, na mitaani mashine za kupasulia mbao, zile za dingdong, zinaunguruma tangu alfajiri.

Katika mji wa namna hii kibanzi si habari. Kila anayebeba mbao huchomwa, na karibu kila mashine ina mtu mmoja anayesifika kwa mkono mwepesi. Anachukua pini na wembe, anachokonoa kidogo, anapuliza, kibanzi kinatoka. Aliyetolewa anasema asante na kurudi kazini.

Kisa hiki ni cha mwanamke aliyedhani kilichomo mkononi mwake ni kibanzi. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Amenipa ruhusa nikisimulie kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisijifiche mimi mwenyewe. Nitayatimiza yote mawili.

Wifi aliwekewa kijiti cha uzazi wa mpango mtoto wake wa pili alipokuwa na miezi sita. Wakati huo waliishi vijijini, upande wa mashamba ya chai, na wahudumu walifika kwa gari siku ya huduma ya mkoba. Alikaa kwenye foleni, akawekewa, akapewa kadi yenye tarehe, akarudi nyumbani kabla kaka hajatoka kazini. Kaka hakuambiwa. Wifi aliogopa atakataa. Kadi akaichomeka ndani ya bitana ya begi la nguo, na walipohamia mjini begi lile likagawiwa kwa ndugu pamoja na kadi yake. Ikabaki hesabu ya kichwani: miaka mitatu, mtoto akianza chekechea.

Mtoto akaanza chekechea. Kaka akaanza kuulizia mtoto wa tatu, na mama yetu naye akaanza yale maneno ya mama mkwe yasiyosemwa moja kwa moja. Wifi mwenyewe alimtaka huyo mtoto. Lakini kwenye kibanda chake cha chakula, pale wabebaji mbao wanapokula wali maharage, alikuwa amesikia mengi: kijiti kikipita muda kinaozea mwilini, kijiti hutembea mpaka moyoni. Akawa halali.

Jioni moja tukichambua maharage aliniuliza, "Wifi, hivi kijiti kikipitiliza muda kinakuwaje?"

Nikamjibu bila kuinua macho, "Si kinaisha chenyewe tu, wifi? Subiri."

Hilo ndilo jibu nililompa. Sikujua, na sikusema kwamba sijui.

Alikwenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa mtoa huduma anayejua kutoa vijiti yuko kwenye mafunzo. Mara ya pili alimkuta, naye akamuuliza kadi iko wapi, nani alimwekea, kisha akamwambia arudi kwa waliomwekea. Waliomwekea walikuja na gari na waliondoka na gari. Wifi alitoka pale ameona aibu mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye benchi, akaapa harudi.

Siku iliyofuata alimwendea mtoa vibanzi.

Yule si mtu mbaya. Kwanza alikataa. Wifi akamkunjulia mkono wa kushoto, akakibinya kijiti chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kikaonekana mstari wake. "Hiki hapa, kaka. Kiko juu tu. Wewe si unatoa vilivyozama kuliko hiki?" Wakakubaliana shilingi elfu tano. Wembe ulitoka kwenye pochi yake, akaufuta kwa spiriti. Ganzi haikuwepo. Alikata katikati, juu ya kijiti chenyewe, kwa kukikatiza. Alikiona cheupe, akakibana kwa kibano, akavuta. Kikagoma. Akavuta zaidi. Akachimba pembeni. Wifi anasema alihisi kama umeme umepita mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kisha kikatoka.

"Tayari, dada," akamwambia, akakiweka kile cheupe kwenye boksi tupu la kiberiti na kumkabidhi.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na lingempata hata fundi mwenye mkono mwepesi kuliko wote Mafinga. Kibanzi ni mgeni asiyetakiwa: mwili unakivimbia, unakitungia usaha, unakisukuma nje, na mwenye pini anaumalizia kazi tu. Kijiti mwili unakifanyia kinyume. Unakifuma utando mgumu pande zote, kama ala inavyoshika kisu. Huwezi kukivuta kabla hujaupasua utando ule pale nchani, kwa urefu wake, bila kukikata chenyewe. Ukikivuta kwa nguvu kingali ndani ya ala yake, kinakatika. Na upande ule wa mkono, chini tu ya mafuta ya ngozi, inapita mishipa ya fahamu, na chini zaidi mshipa mkubwa wa damu. Mtoa vibanzi amezoea viganja. Huko hakukujua.

Yaliyompata mimi nilikuja kuyajua siku ya tisa, na sikuambiwa na mtu. Nilikuwa kibandani kwake asubuhi, anakaanga maandazi, mkono wa kushoto ameufunika kwa kitenge. Aliinama kuchukua unga, mkono ukaegemea ukingo wa karai la mafuta. Ukakaa pale. Mimi ndiye niliyesikia harufu, mimi ndiye niliyepiga kelele. Yeye aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Upande wa ndani, kutoka kwenye kiwiko kuelekea kifundoni, ngozi ilikuwa haisikii moto.

Nilipofungua kitenge nikakuta kidonda kimevimba, kinatoa usaha, kimezungushiwa majani ya dawa. Tulifunga kibanda, tukaenda hospitali.

Daktari hakugomba. Aliuliza pole pole, akaandika. Alipomaliza akasema, "Kile alichokutoa kiko wapi?" Wifi akafungua fundo la kanga, akatoa boksi la kiberiti. Daktari akakimimina juu ya kitambaa cheupe cha gozi, akachukua rula ya plastiki, ya kawaida kama ya shuleni, akapima. Sentimita 2 na nusu.

"Kijiti hiki kina urefu wa sentimita 4," akasema. "Kwa hiyo bado unacho."

Sijawahi kuona uso unavyozimika kama uso wa wifi yangu saa ile. Siku tisa alikuwa ameshukuru Mungu kwamba limekwisha.

Yakafuata maswali ya wembe. Ulikuwa mpya? Uliwahi kutumika kwa nani? Wifi hakujua. Tunaishi katika mkoa wa Iringa, ambao katika utafiti wa kitaifa wa 2016/17 zaidi ya watu wazima 11 katika kila 100 walikutwa na virusi vya Ukimwi; Njombe na Iringa ndiyo iliyoongoza nchi nzima. Wembe uliotoka kwenye pochi ya mtu anayetoboa viganja vya wengi si jambo la kupuuza hata kwa dakika moja. Daktari alieleza kwamba zipo dawa za kinga baada ya hatari kama hiyo, lakini lazima zianze ndani ya saa 72. Sisi tulifika siku ya tisa. Ilibaki kupima, kusubiri, kupima tena. Alichomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa za kuua vijidudu, akaambiwa kidonda kipone kwanza, ndipo kipande kilichobaki kitafutwe.

Jioni ile kaka aliambiwa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ungeniambia tu, mama watoto."

Wifi akamuuliza, "Ungekubali?"

Kaka hakujibu. Na mimi nasema kwa wanaume wote wanaosoma hapa: kutojibu kule nako kuliushika ule wembe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wengi huitumia methali hii kumlaumu anayeficha. Mimi sasa nauliza pia nani amemfanya afiche.

Baada ya wiki kadhaa tulirudi. Kipande hakikushikika kwa vidole, na daktari akasema jambo ambalo kila mwanamke mwenye kijiti alishike: kijiti kisichoshikika hakikatwi mpaka kionekane. Kukitafuta kwa kisu ni marufuku. Alikitafuta kwa altrasaundi, akaweka alama ya kalamu juu ya ngozi, akachoma ganzi, akakata. Alipokitoa alikiweka juu ya gozi, akakisogeza mpaka kikagusana na kile cha kwenye kiberiti, ncha kwa ncha, akaweka rula pembeni. Sentimita 4 kamili. Hapo ndipo wifi alipolia.

Vipimo vya damu, cha kwanza na vya baadaye, vilitoka salama. Hisia za mkono zimerudi kiasi, si zote. Mpaka leo akikaanga maandazi anafunga kitambaa kinene upande ule, kwa sababu hautamwambia moto ukija.

Nilipotulia nilijiuliza: yaliwezekanaje haya, katika mji wenye hospitali, kwa kitu kinachotolewa bure katika vituo vya umma? Jibu moja ni kwamba tumejifunza kuweka haraka kuliko tulivyojifunza kutoa, na hili si la Mafinga peke yake. Kipandikizi cha kwanza kilichoenea duniani, Norplant, kiliidhinishwa Ufini mwaka 1983. Kilikuwa na vijiti 6. Kuviweka kulikuwa kazi ya muda mfupi, kuvitoa kukawa kilio: katika nchi mbalimbali wanawake walizunguka bila kupata mwenye ujuzi, na wengine walitoka na makovu. Waliokuja baada yake walijifunza. Jadelle ina vijiti 2 na hukaa miaka 5. Implanon ina kimoja, iliidhinishwa kukaa miaka 3, na kile cha NXT kimechanganywa na kitu kinachokifanya kionekane kwenye eksirei endapo kitapotea.

Kisha mwaka 2012 ukafanyika London mkutano mkubwa wa uzazi wa mpango, Rais Jakaya Kikwete akiwa miongoni mwa waliohudhuria. Mwaka uliofuata bei ya Jadelle kwa nchi kama yetu ikashuka kutoka dola 18 hadi dola 8.50. Vijiti vikafurika, na hilo lilikuwa jema. Mwaka 2010 wanawake wawili hivi katika kila 100 walioolewa hapa Tanzania walikuwa navyo. Kufikia utafiti wa 2015/16 walikuwa saba, na idadi imeendelea kupanda. Lakini kila kijiti kinachoingia ni ahadi ya kijiti kitakachotoka, na kutoka ndiko kugumu. Kuingiza Implanon NXT kuna kifaa maalumu kinachofika kutoka kiwandani kijiti kikiwa tayari ndani yake. Kutoa hakuna kifaa cha namna hiyo. Kunategemea vidole vya mtu aliyefundishwa na aliyezoea. Gari la mkoba likija kuweka, na lisiache nyuma yake mtu wa kutoa, limefanya nusu ya kazi.

Jibu jingine ni letu sisi wenyewe, na ndiyo sababu ya kuandika. Wifi aliingiwa na haraka isiyokuwa na msingi. Kijiti kilichopita muda hakiozi wala hakigeuki sumu. Kinachokwisha ni uhakika wa kuzuia mimba. Mwenye nacho ana muda wa kwenda kituo cha pili, na cha tatu, akijikinga kwa njia nyingine kama bado hataki mimba. Habari za kijiti kusafiri mbali mwilini zipo kweli, lakini ni nadra mno, na chanzo chake ni kuchomekwa kwa kina. Ndiyo maana siku ya kuwekwa, kabla hujashuka kitandani, muuguzi akiguse, na wewe ukiguse kwa vidole vyako. Usipokihisi, sema hapohapo.

Na hakuna anayepaswa kukunyima kwa sababu huna kadi. Kadi inasaidia, lakini mkono wenyewe ndio ushahidi. Unaweza kuomba kutolewa siku yoyote, hata mwezi wa kwanza: kwa sababu unataka mtoto, kwa sababu damu inakusumbua, au kwa sababu umebadili mawazo. Kituo kisichoweza kitoe rufaa, kwa maandishi, ya kwenda panapowezekana. Ukiambiwa rudi ulikotoka, usiondoke na aibu. Uliza, "Niende wapi, na nimwone nani?" Ukae mpaka ujibiwe.

Sasa sharti la pili.

Siku ile wifi alipotolewa kile kipande, tulikaa kwenye benchi nje tukisubiri dawa. Bandeji nyeupe mkononi, macho bado mekundu. Akanigeukia. "Wifi, na wewe cha kwako kinaisha lini?"

Nilinyamaza. Mimi nilikuwa na kijiti wakati wote ule. Nilikuwa nacho jioni ile ya maharage nilipomwambia asubiri, na sikumwambia hata yeye kwa kinywa changu. Aliwahi kukiona tu nikinyanyua ndoo. Usiku ule nilipekua nyumba nzima. Kadi niliikuta ndani ya bahasha ya vyeti vya shule vya watoto. Ilikuwa imepita miezi minne.

Nilikwenda wiki iliyofuata, na wifi alinisindikiza. Naeleza ilivyokuwa, ili anayeogopa ajue kazi hii inavyokuwa ikifanywa na anayeijua. Muuguzi alinilaza chali, nikakunja kiwiko, kiganja chini ya kichwa. Aliuliza ni vijiti vingapi, kwa sababu mwenye viwili akitolewa kimoja hajatolewa. Alikipapasa kwanza, akaweka nukta ya kalamu kila ncha. Alichoma ganzi kidogo tu, chini ya ncha iliyo karibu na kiwiko. Nilimuuliza kwa nini chini. Akasema ganzi ikijaa juu, kijiti huzama na vidole havikipati. Alisubiri, akanigusa kwa ncha ya sindano, nikasema sisikii. Kisha akabonyeza ile ncha ya juu kwa kidole, ya chini ikainuka kama ncha ya kalamu chini ya shuka. Akakata milimita 2 au 3, si zaidi. Akakwangua utando kwa upole mpaka nyeupe ikachungulia, akaibana kwa kibano, akavuta taratibu. Hazikufika dakika tano. Hakushona. Aliweka plasta, akazungusha bandeji ya kukaza, akaniambia bandeji niitoe kesho, plasta niiache siku kadhaa, na nikiona usaha, homa, au ganzi inayoendelea vidoleni, nirudi siku hiyohiyo. Akanikumbusha kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi mapema, ndani ya wiki chache, kwa hiyo kama sitaki nichague njia nyingine leo, nisingoje kesho.

Mwishoni alikiweka kwenye kiganja changu kilichokuwa huru. Kilikuwa cheupe, laini, chembamba kama njiti ya kiberiti. Nilikigeuza nikatazama ncha zake zote mbili. Zilikuwa za mviringo, hazikuwa na jeraha.

Nje, wifi alisimama aliponiona mlangoni.

"Kimetoka chote?"

"Chote, wifi."